Gitaa la nyuzi saba: pima urefu wa uzi kabla hujauliza mikro

Msomaji wa Lubumbashi ameniandikia hivi:

«Mwalimu, mimi ni mpiga solo wa kwaya hapa Katuba. Jumapili napiga seben, ile sehemu ya kasi ya gitaa katika muziki wetu wa Kongo, na siku za juma tuna kundi la watu watatu, tunapiga metal, ile rock nzito. Uzi wa saba peke yake tunaushusha hadi noti ya la, sita zinabaki palepale kwa ajili ya seben. Nimeonyeshwa magitaa matatu yaliyokwisha tumika: Ibanez RG7421, Schecter Omen-7, na LTD yenye mikro za EMG za betri. Bei zinakaribiana. Nichukue lipi? Na kama mikro zake si nzuri, niweke zipi? Kanisani hatuna ampli ya gitaa, tunachomeka kwenye mikseri.»

Mdogo wangu, umenitajia mambo mawili ambayo wengi huyasahau: kwamba uzi wa saba unaushusha hadi la, na kwamba kanisani unachomeka moja kwa moja kwenye mikseri. Hayo mawili ndiyo yanayoamua. Jibu langu nakupa mapema: chukua Schecter, mikro zake, zile zilizolala chini ya nyuzi na kunasa mtetemo wake, ziache kama zilivyo kwa miezi michache, na pesa uliyotenga kwa ajili ya mikro nunua nyuzi nzito na kiboksi cha DI, kile cha kuunganisha gitaa na mikseri. Sababu zake ni hizi.

Gitaa la nyuzi saba, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, hutuniwa si, mi, la, re, sol, si, mi. Sita unazijua tangu utoto, mgeni ni ile si nene. Mi nene ya gitaa lako la sasa inatetemeka kama mara 82 kwa sekunde, si inatetemeka mara 62 hivi, na ukiishusha hadi la inafika 55. Hiyo 55 ndiyo la ya gitaa la besi, uzi wazi, bila tofauti yoyote. Kwa hiyo ukiugusa uzi huo umeshaingia uwanjani kwa mpiga besi, na uzi unaofanya kazi ya besi unadai nafasi ya kujinyoosha.

Nafasi hiyo ndiyo urefu wa uzi: kutoka kile kipande chenye mifereji chini ya kichwa cha gitaa hadi kwenye daraja. Ibanez RG7421 ina inchi 25.5, yaani milimita 648, urefu uleule wa Stratocaster. Schecter Omen-7 ina inchi 26.5, milimita 673. LTD za nyuzi saba nyingi ni 25.5, lakini zipo ndefu zaidi, na muuzaji wa vitu vilivyotumika mara nyingi hajui alichonacho mkononi. Pima mwenyewe. Chukua futi ya fundi cherehani, weka mwanzo wake kwenye mifereji ile, nyoosha hadi katikati ya chuma cha freti ya 12. Ukikuta milimita 324, ni gitaa la inchi 25.5. Ukikuta 336 au 337, ni la 26.5. Ukikuta 343, ni la inchi 27. Usipime hadi kwenye daraja, maana vikalio vya nyuzi pale vinasogezwa mbele na nyuma, vitakudanganya.

Utasema inchi moja ni kitu gani. Angalia. Uzi wa 46, yaani wenye unene wa inchi 0.046, ule wa mi nene kwenye pakiti ya kawaida ya 10-46, kwenye gitaa la 25.5 unavutwa kwa nguvu kama ya kubeba kilo 8. Uzi wa 56, unaokuja kwenye baadhi ya pakiti za nyuzi saba, ukiwa si kwenye gitaa hilohilo unavutwa kwa kilo 6.7 hivi. Tayari umelegea kuliko jirani yake. Sasa ushushe hadi la: moja ya tano ya nguvu inaondoka, unabaki na kilo 5 na kidogo. Huo ni uzi wa kuning'inia. Ukiupiga kwa nguvu, unapanda juu ya noti kwanza kisha unashuka, na mashine ya kutunia inaruka huku na huku haijui ikuambie nini. Ukikandamiza freti ya tatu kwa kidole kizito, noti inapinda. Unalaumu mikro, na mikro haina kosa, inachukua kile kinachotokea juu yake.

Inchi moja zaidi inaongeza asilimia 8 ya mvuto kwa uzi uleule na noti ileile. Haitoshi peke yake. Lakini weka uzi wa 62 kwenye Schecter, utuni la, unapata karibu kilo 7, na hapo uzi unasimama wima chini ya kidole. Unaweza kuufikia mvuto huo kwenye Ibanez ya 25.5 pia, ukiweka uzi wa 64 au zaidi, ila kadiri uzi unavyokuwa mnene na mfupi ndivyo unavyokuwa mkavu kama waya wa uzio, na sauti zake za juu zinaacha kupatana na noti yenyewe. Unasikia kishindo, noti huisikii vizuri.

Najua utanijibu kwamba Korn, lile kundi la metal la Marekani, walirekodi na la, tena kwa Ibanez za 25.5. Ni kweli. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1994, wakiwa na Ibanez Universe, lile gitaa ambalo Ibanez ililitoa 1990 pamoja na mpiga gitaa Steve Vai, na wao walishusha nyuzi zote saba toni nzima: la, re, sol, do, fa, la, re. Inawezekana kabisa. Lakini wewe umesema unashusha uzi wa saba peke yake na sita zinabaki palepale, kwa sababu Jumapili unazihitaji kwa seben. Uzi mmoja tu umelegea na nyingine zimekaza: mkono wa kulia unachanganyikiwa kila unapovuka kutoka mmoja kwenda mwingine. Urefu wa 26.5 unapunguza tofauti hiyo. Vidole vya solo vitalalamika wiki mbili kwa sababu freti zimeachana kidogo, halafu vitazoea.

Kama ungeniambia uzi wa saba unabaki si daima, na kazi yako ni ya kanisani tu, ningekuambia chukua Ibanez bila kusita. Shingo yake ni nyembamba kwa unene, inakimbia, na daraja lake halina mikono wala chemchemi za kukusumbua.

Sasa mikro. Simaanishi ile ya kuimbia, naongelea ile iliyolala chini ya nyuzi.

Ndani yake kuna sumaku, na juu ya sumaku kuna koili ya waya mwembamba kuliko unywele, imezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unaitikisa nguvu ya ile sumaku inayozunguka koili, na kwenye koili umeme mdogo unazaliwa. Ukizungusha waya mara nyingi zaidi sauti inakuwa kubwa, lakini ule mng'ao wa juu unafifia. Hapa ndipo mikro ya nyuzi saba inapokuwa kazi ngumu: inatakiwa kuishika la ya 55 bila kugeuka uji, na wakati huohuo iachie mi nyembamba ing'ae. Sumaku za seramiki kwa kawaida hutoa besi iliyobana na ukali mbele. Za alniko hulainika zaidi, zinajibu mguso wa mkono. Ndiyo maana Seymour Duncan hutengeneza Nazgûl ya seramiki kwa ajili ya karibu na daraja, ya watu wanaotaka ukuta wa sauti, na pia Pegasus na Sentient za alniko 5. DiMarzio nao wana Blaze, iliyozaliwa pamoja na ile Universe, na Crunch Lab na LiquiFire.

Kwa kazi yako, siku ukifika huko, ningeweka Pegasus karibu na daraja na Sentient karibu na shingo. Nazgûl ni nzuri mno kwa metal, ila Jumapili asubuhi utaisikia ikiwa nzito pale seben inapotaka kucheka.

Lakini kabla ya kununua chochote, shusha mikro ulizo nazo. Nasema hivi kwa sababu magitaa ya nyuzi saba yanayoletwa kwangu na malalamiko ya «mikro mbaya», mengi yanaondoka na mikro zilezile. Bonyeza uzi wa saba kwenye freti ya mwisho kabisa, pima nafasi kati ya chini ya uzi na mikro. Anza na milimita 3 upande wa uzi mnene, na milimita 2 upande wa mi nyembamba. Mara nyingi nakuta upande mnene uko milimita moja tu: mwenye gitaa aliipandisha akitafuta nguvu. Uzi wa 62 una chuma kingi, na sumaku iliyo karibu hivyo inauvuta kabisa, unazalisha noti mbili zinazogombana ndani ya uzi mmoja. Geuza skrubu nusu mzunguko, piga, sikiliza, geuza tena. Kuna mahali utafika uji unaondoka ghafla, na hapo utajua.

LTD yenye EMG naiheshimu, na nataka ujue kwa nini siichagui. Mikro ya betri ina koili ndogo na kikuza sauti ndani yake. Sumaku zake ni dhaifu, kwa hiyo haivuti uzi hata ukiisogeza karibu. Haipotezi mng'ao kwenye kebo ndefu. Haina kelele. EMG 81-7 inatumia seramiki, 707 alniko, na wengi huweka ya kwanza karibu na daraja. Betri ya volti 9 inadumu miezi na miezi mradi uchomoe jeki ukimaliza, maana jeki ndiyo swichi yake. Ukiiacha imechomekwa usiku kucha, betri inafanya kazi usiku kucha. Tatizo langu ni kwamba kila noti inatoka imesawazishwa, kali, karibu na uso wa msikilizaji. Kwa riff ya metal ni raha tupu. Kwa mpiga seben anayecheza na uzito wa kidole, anayetaka noti moja inong'one na inayofuata iite, mikro hiyo inamfungia mlango.

Na usidhani utanunua Schecter leo, kesho uichomeke EMG. EMG 707 na 81-7 za kawaida zimekaa kwenye boksi kubwa kama la mikro ya besi, karibu milimita 89 kwa 38. Haziingii kwenye tundu la mikro ya kawaida bila patasi. Zipo zenye umbo la kawaida, uulize kabla hujalipa. Hata hivyo utabadilisha pia virungu vya sauti, kutoka kilo-ohm 500 kwenda 25, utaweka jeki ya stereo, na utatafuta mahali pa kulaza betri.

Turudi kwenye mikseri ya kanisa lenu, maana hapo ndipo sauti yako inapotea sasa hivi, hata kwa gitaa ulilo nalo. Mikro isiyo na betri inataka kukutana na mlango wa ukinzani mkubwa, karibu ohm milioni moja, kama ule wa ampli ya gitaa. Mlango wa laini wa mikseri huwa kama ohm elfu kumi. Ni sawa na kumimina maji kwenye debe lililotoboka: mng'ao wote unamwagika kabla haujafika kwenye spika. Ongeza kebo ya mita 10 kutoka jukwaani hadi kwa fundi wa sauti, nayo inakula mng'ao. Halafu kwaya inasema gitaa jipya limefunikwa blanketi. Dawa yake ni DI ya betri au ya umeme wa mikseri, iwekwe karibu nawe, kebo fupi kutoka kwenye gitaa, kisha kebo ya mikro ya kuimbia hadi kwenye mikseri. Ukikosa, hata pedali ya kutunia ya Boss TU-3 inasaidia, kwa sababu saketi yake inabeba sauti wakati wote, hata usipotuni, mradi iwe na umeme. Jaribu hilo kwanza kwa gitaa la kuazima. Distosheni, pedali ile ya kukwaruza sauti kwa metal, usiichomeke hivyo. Bila spika ya gitaa itasikika kama mzinga wa nyuki, inahitaji pedali yenye saketi ya kuiga spika.

Kuna kazi moja ndogo ya waya ambayo kwako itakuwa na faida kuliko mikro mpya. Mikro ya koili mbili, ile Seth Lover aliyoitengeneza Gibson mwaka 1955, inazifunga koili zake moja baada ya nyingine, na kwa kuwa zimegeuzwa kinyume, mvumo wa umeme unajiua wenyewe. Vijana wengi wakitaka sauti nyembamba ya seben wanaweka swichi ya kuzima koili moja. Sauti inakuwa nyembamba kweli, lakini mvumo unarudi. Umeme wetu ni wa hertz 50: mvumo wake unasikika kwenye 50 na kwenye 100, na 100 iko pua na mdomo na sol ya chini, katikati kabisa ya eneo unalopigia. Kwenye nyumba isiyo na waya wa ardhi, jenereta ikinguruma uani, hiyo koili moja itakutesa. Mwambie fundi azifunge koili zote mbili sambamba badala yake, kwa kirungu cha sauti cha kuvuta. Sauti inashuka kidogo, inafunguka, inang'aa, na mvumo haurudi. Sharti ni kwamba mikro iwe na waya nne na ganda lake. Fungua kifuniko cha nyuma uhesabu. Kama ni waya mmoja na ganda tu, acha.

Sauti hiyo ya sambamba kwenye freti za juu inakaribia kile wazee wetu wa rumba walichokitafuta kwa mi-composé, walipoutoa uzi wa re wakaweka mwembamba unaolia oktava moja juu. Sisi tumezoea kuuliza gitaa linaweza kubeba nini zaidi. Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa na nyuzi sita na vidole viwili, na bado ungeapa wako wawili. Uzi wako wa saba una nafasi katika historia hiyo, ukijua uuweke wapi. Ndani ya seben, besi ikikimbia, uache. Kwenye utangulizi wa polepole, besi ikinyamaza, hapo la yako itasikika nyumba nzima.

Jambo la usalama, na hili naomba ulifuate hata usipofuata mengine. Nyuzi za gitaa lenye mikro za kawaida zimeunganishwa na waya wa ardhi wa ampli. Kama nyumba haina ardhi ya kweli, unashika nyuzi, unasogeza midomo kwenye mikro ya kuimbia, na umeme unapita kwako. Nimepigwa hivyo kwenye harusi moja, midomo ikafa ganzi hadi kesho yake. Siku hizi nabeba multimeta: naiweka kwenye volti za umeme wa ukutani, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye wavu wa mikro. Ikionyesha makumi ya volti, hakuna anayeimba hadi vyote vichomekwe kwenye soketi moja na kosa lipatikane. Kwa haki niitaje EMG hapa pia: wao wenyewe husema waya unaokwenda kwenye daraja uondolewe, na hatari hiyo inapungua.

Siku ya kwenda kuliona gitaa, beba futi, uzi mmoja wa 10, na ampli ndogo. Pima urefu kama nilivyokueleza. Kisha bonyeza uzi wa saba kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, mwenzako apitishe ule uzi wa 10 kati ya uzi wa saba na freti ya 8. Uzi wa 10 una robo ya milimita. Ukipita kwa kugusa kidogo, shingo iko sawa. Ikiwa nafasi ni kubwa mno, muulize muuzaji ufunguo wa chuma cha ndani ya shingo, geuza robo mzunguko tu, uone kama kinaitikia. Kama hakisogei, au kinazunguka bure, ondoka. Pitisha pia kiganja pembeni mwa shingo: katika kiangazi chetu, kuanzia Mei, mbao zinakauka na kusinyaa, na ncha za freti zinachomoza kama meno. Hizo zinasuguliwa kwa tupa, si sababu ya kuacha, ila ni sababu ya kupunguza bei.

Kuhusu ile LTD, ukiamua kuiangalia: kifuniko cheusi kilichofungwa si ushahidi wa EMG. Nilishauziwa gitaa la namna hiyo, nikafika karakana nikafungua nyuma, hapakuwa na betri wala mahali pake. Mwombe muuzaji atoe betri mbele yako, kisha upige. Mikro ya betri bila betri hunyamaza. Ikiendelea kulia, umeonyeshwa kitu kingine.

Nyuzi za saba ni shida mjini, na za kuagiza kupitia mpaka wa Kasumbalesa zinachelewa. Agiza nyuzi mojamoja za 62, kama sita hivi, na zile sita za juu nunua pakiti ya kawaida ya 10-46 popote. Usijaribu kuweka uzi wa besi: kichwa chake hakiingii kwenye daraja, na mwili wake hauingii kwenye tundu la kigingi. Mfereji wa uzi wa saba, ule wa chini ya kichwa, huenda ulichongwa kwa uzi wa 54 au 56. Ukiona 62 inakwama au inalia kama panya unapotuni, usilazimishe. Fundi aupanue kwa tupa ya duara, taratibu, kwa upana tu, asiongeze kina.